Shimo la Karani

Tulimwita Karani kwa sababu ya ile hereni ya manjano
iliyokaa sikioni mwake kama penseli ya mtu wa ofisini.
Alikufa Jumanne, saa kumi na moja alfajiri,
miguu imenyooka, ulimi umeonja saruji.

Kabla jua halijapanda juu ya maghorofa ya Waithaka
simu ya mama ilikuwa imeshalia mara mbili.
Mtu hakujitaja. Alisema: elfu kumi na tano,
nitakuja usiku na pikapu, sitauliza kafa na nini.
Mama alilitazama daftari la chama,
miezi saba ya mkopo iliyobaki,
akasema, "Watoto wa watu watakula,"
akakata.

Daktari Chelagat alichukua damu kwenye kichupa,
akaosha buti zake mara tatu.
Msimchune. Msimpasue. Shimo liende chini,
chokaa chini, chokaa juu,
na liwe mbali na kisima.
Mbali! Kiwanja chetu ni hamsini kwa mia:
kisima huku, choo kule,
ukuta wa jirani umetukanyaga kisigino.
Palibaki penye sukumawiki.

Tukang'oa sukumawiki.

Musembi alikuja na sururu,
Okwaro na koleo lililofungwa waya mpinini,
na Mzee Faraj kutoka Kibra, mchimba makaburi
tangu barabara hii ikiwa vumbi.
Aliuliza swali moja: "Anaelekea wapi?"
Musembi akacheka. Mzee hakucheka.

Udongo mwekundu, kisha mwekundu zaidi,
kisha chupa ya soda ya zamani, nzima,
kisha mawe, na matusi ya Okwaro.
Saa nane mama alishuka kwa ngazi,
akasimama chini kabisa, akainua mkono.
Vidole havikufika ukingoni.
"Sawa," akasema kutoka huko,
na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Wanaume saba, kamba mbili, mlango wa banda
tuliolaza chini umtelezeshe.
Juu, ghorofa ya nne, kwenye nguo zilizoanikwa,
mtoto alimuuliza mamaye,
"Wanapanda nini?"

Kisha miguu ikakataa.
Ilikaza ukingoni kama ya meza
inayopitishwa mlango mwembamba.
Okwaro akalitaja shoka. Mama akageuka upande.
Mzee Faraj akavua koti, akashuka peke yake,
akauchimba ubavu wa shimo polepole,
mwanandani ya miguu minne.
"Maiti hakatwi atoshe," alisema akipanda, akihema.
"Hukatwa udongo."

Chokaa ikala baka jeusi la begani,
ikala la nyonga,
akabaki ng'ombe mweupe tusiyemjua,
na kile kipande cha manjano sikioni,
hadi koleo la Musembi.

Jioni wateja walikuja na chupa zao.
Habari ziliwafikia tangu asubuhi
lakini walikuja nazo hivyo hivyo, tupu,
wakasimama langoni kama watu wa matanga.
Hakuna aliyetaja maziwa.
Mama Wairimu wa duka la dawa
aliweka mia tatu juu ya ukuta, jiwe juu yake,
deni la mwezi uliopita.

Usiku pikapu ilikuja, taa zimezimwa.
Ikanguruma langoni dakika tano.
Ikaenda zake.

Mvua za Aprili zilipoanza, udongo ulititia,
pakawa na bonde lenye umbo tunalolijua.
Mama alikuwa analijaza, karai la kwanza,
ujumbe wa daktari ulipoingia:
majibu ya damu. Haikuwa kimeta.
Alisoma, akasoma tena,
akairudisha simu kwenye aproni,
akaenda kuleta karai la pili.